Kuajiri yaya anayekuja kazini na mtoto wake: mwongozo kamili kwa sisi tulio Uganda

Piga simu kwa ajenti yeyote wa wadada wa kazi hapa Kampala umwambie unatafuta yaya, kabla hujamaliza kuongea atakuhakikishia kwamba "huyu hana usumbufu, mtoto kamwacha kijijini", na anaisema kama sifa kabisa. Haya, msichana amemwacha mtoto wa miezi saba kwa bibi yake huko Kamuli, maziwa yanamjaa mpaka yanalowesha blauzi, usiku anapiga simu nyumbani asikie tu mtoto anavyolia, halafu asubuhi wewe unataka ambembeleze wa kwako kwa moyo mweupe. Wengi wa hao ndio wale wanaotoweka mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, simu imezimwa, na wewe una mkutano saa mbili asubuhi.

Mimi nasema hivi: mama anayekuja na mtoto wake anaweza kukufaa kuliko aliyemwacha, ila yule mtoto lazima aingie kwenye mapatano toka siku ya kwanza, kwa jina lake, kama sehemu ya kazi. Asiwe fadhila. Ukimfanya fadhila, mama yake ataogopa kuomba hata dakika kumi za kumnyonyesha, na wewe utaanza kuhesabu vijiko vya sukari kimyakimya, miezi miwili tu mmeshachokana. Karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza, na nyumba yako

Kabla hujamtafuta mtu, kaa chini na mwenzio kama unaye. Mwanaume anayekubali kwa "sawa tu, fanya unavyotaka" hajakubali, ngoja usiku wa kwanza mtoto wa watu alie saa nane ndio utasikia. Mwambie wazi: kutakuwa na watoto wawili ndani, kelele mara mbili, nepi mara mbili kwenye kamba, na kuna siku ukirudi hujapikiwa.

Nafasi. Kama mnaishi kwenye muzigo wa chumba kimoja, wa kulala hapohapo sahau, tafuta wa kuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Kama una chumba cha ziada au bois kota, hicho chumba kiwe na mlango unaofungika, dirisha linalopitisha hewa na chandarua kinachowatosha yeye na mtoto. Stoo yenye magunia ya makaa siyo chumba. Kama umepanga, mwambie landilodi mapema, wengine wakiona mtu ameongezeka wanaanza maneno ya maji na taka.

Halafu umri wa watoto, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu, hali kitu kingine, kwa hiyo mama yake atakaa naye kifuani kila baada ya saa mbili au tatu mchana kutwa. Kama na wako ni wa miezi mitatu, hapo una watoto wachanga wawili kwa mikono miwili, mtu mmoja anaweza kwa siku chache lakini siyo kwa miezi. Inakwenda vizuri zaidi mtoto wake akiwa ameshapita miezi sita, anakaa mwenyewe, anakula uji na matooke ya kuponda, na wako akiwa mdogo kuliko huyo, au wako awe mkubwa kabisa wa miaka miwili na kuendelea. Pacha wa bahati mbaya, yaani wote wawili wa mwaka mmoja wanaojifunza kutembea siku moja, huo ni mtihani, kila mmoja anaelekea upande wake.

Jambo la mwisho kwenye kujipima, na ukilikataa hili acha kabisa mpango wenyewe: punguza kazi za nyumba. Mtu mwenye watoto wawili mkononi siyo mfuaji wa mashuka ya familia nzima wala mpishi wa wageni wa Jumapili. Atafua nguo za watoto, atapika chakula cha watoto na cha mchana, atafagia wanapocheza, basi. Nguo za wakubwa mwite mama wa kufua anayepita mtaani mara moja au mbili kwa wiki, umlipe kwa besheni. Hiyo hela iweke kwenye bajeti kuanzia leo.

Hatua ya 2: Mtafute wapi

Maajenti wapo, ila wengi hawapendi wenye watoto kwa sababu wateja huwarudisha. Ukienda kwao uliza kabla hujalipa: akiondoka ndani ya mwezi mnanipa mwingine au mnanirudishia hela? Na wakuandikie, siyo mdomo.

Njia ambazo mimi nazipenda ni za watu wanaomjua mtu. Siku ya kliniki ya watoto kwenye health centre ya karibu akina mama wanakaa kwenye benchi saa nzima na zaidi, wanaongea, ukisema pale "natafuta mama mwenye mtoto wa miezi saba na kuendelea anayetaka kazi" utapata majina. Wale wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) wanaozunguka nyumba kwa nyumba wanajua kila aliyejifungua mtaani kwao. Msikitini na kanisani pia, halafu mama wa saluni, huyo anajua habari zote.

Kwa sisi ambao nyumbani tunaongea Kiswahili na tunataka mtoto akue nacho, tazama upande wa Malaba na Busia, mpakani na Kenya, au Wakongo waliopo hapa Kampala, na wengine wanatoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II. Watu wanaogopa kumwajiri mkimbizi wakidhani ni kosa. Siyo kosa, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na kitambulisho chao kinatolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwombe akuonyeshe hicho kama ambavyo ungemwomba Mganda ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa.

Kama ni wa kwenda na kurudi, chukua wa karibu, wa kutembea kwa miguu. Unaweza kumpata mzuri sana anakaa Nansana na wewe uko Kyaliwajjala, sasa fikiria mvua za Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, taksi mbili na boda juu yake. Huyo mtoto ataumwa kifua kila wiki na wewe utachelewa kila wiki.

Hatua ya 3: Karatasi

Kitambulisho cha taifa kwanza. Shika kadi mwenyewe, usikubali picha ya WhatsApp. Ile namba ya kitambulisho (NIN) ya mwanamke raia inaanza na CF halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo CF03 ni wa 2003. Linganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na umri aliokutajia. Akiwa hajafika miaka 18, acha. Najua inauma, shule zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022 na wasichana wengi walirudi na mimba badala ya kurudi darasani, lakini mtoto kumlea mtoto wako huku analea wa kwake siyo msaada kwake. Unayeona yuko kwenye shida msaidie kwa njia nyingine, piga Sauti 116, simu ya msaada wa watoto, ni bure.

Kadi ya chanjo ya mtoto. Hii watu hawaiombi kabisa na mimi naiona inakupa mengi kuliko barua yoyote. Ina jina la mtoto, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipozaliwa, kwa hiyo unajua kweli ni mtoto wake na siyo wa dada yake wala wa mtu mwingine. Pia inakuonyesha ni mama wa namna gani: angalia kama sindano za wiki 6, 10 na 14 zimewekwa tiki, kama amefika miezi 9 amechanjwa surua, na kama anatoka wilaya zenye malaria nyingi angalia kama ameanza ile chanjo ya malaria iliyoingia 2025, inaanzia miezi 6. Kadi imekunjwa kwenye kiveera (mfuko wa plastiki) isilowe, tarehe zote zipo, huyo mtu anajali. Kama zimekosekana usimfukuze, uliza kwanza, wengine walihama katikati. Wiki ya kwanza mpe ruhusa akamalizie.

Barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji au mtaa) wa anakotoka na wa anakokaa sasa. Namba za ndugu wawili, na upige hapo hapo mbele yake, uongee nao. Umwulize pia kuhusu baba wa mtoto, kwa upole lakini uulize: yupo, anatoa matumizi, anajua wanahamia kwako, anaweza kuja kugonga geti usiku? Siyo umbea. Kama alikimbia kupigwa unatakiwa kujua ili askari wa geti asimfungulie mtu. Kama ana haki ya kumwona mtoto wake basi mpange siku na mahali, Jumapili, na siyo sebuleni kwako.

Hatua ya 4: Afya

Mwende kliniki pamoja, ulipe wewe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kiangaliwe kama TB, mtoto wake apimwe uzito, aangaliwe ngozi na masikio. Kuhusu HIV niseme wazi kwa sababu watu huwaburuta wadada maabara kwa nguvu na kudai majibu: sheria ya kazi ya 2006 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya HIV. Na kiukweli hali yake haimhusu mtoto wako kama mtashika kanuni moja, nayo ni kwamba hakuna kunyonyesheana. Yeye hamnyonyeshi wako na wewe humnyonyeshi wake, hata siku moja, hata mtoto akilia vipi, kwa sababu virusi vinapita kwenye maziwa ya mama. Kwa Waislamu kuna na hili, watoto walionyonya ziwa moja wanakuwa ndugu wa kunyonya na hawaoani, sasa unataka kuja kueleza hayo baada ya miaka ishirini? Mwambie siku ya kwanza, tena kwa maneno hayo hayo, kwa sababu kwa mama mwenye maziwa mengi na huruma nyingi kishawishi kipo.

Hatua ya 5: Mahojiano na wiki ya majaribio

Mahojiano ya maneno hayakuambii kitu, kila mtu anapenda watoto siku ya mahojiano. Uliza maswali ya kazi yenyewe, tuseme mtoto wake anaitwa Shafiki. "Mama Shafiki, wako na wangu wakilia kwa pamoja utaanza na nani?" Akijibu haraka "wa kwako madam", hilo ni jibu la kukufurahisha, litakukimbia siku ukiwa haupo. Jibu ninalotaka mimi ni la mtu anayeuliza kwanza, wanalia kwa nini? Aliyeanguka anatangulia aliye na njaa, mwenye njaa anatangulia anayetaka kubebwa, na anayesubiri anaongeleshwa asikie sauti.

Halafu wiki moja ya majaribio, ya kulipwa, wewe ukiwa nyumbani. Hapo ndio utaona. Saa saba mchana, umeme umekata, wako ameamka anataka chupa, wake yuko kwenye mkeka amejipaka uji mpaka kwenye nyusi na anaelekea kwenye waya wa feni. Tazama mikono yake. Yule anayejua kazi atamnyanyua wa kwake kwa mkono mmoja, atamweka mbali na waya, atampa kijiko cha mbao achezee, ndipo achukue chupa, na muda wote anaongea nao wawili. Asiyeweza atamfunga wake mgongoni kwa nguvu na kumwacha humo siku nzima ili wewe umwone anahangaika na wa kwako, na hicho ndicho kinachonitisha zaidi, mtoto aliyefungwa mgongoni saa sita mfululizo atakuja kulipuka na mama yake atalipuka naye. Kama unaona hivyo mwambie, dada, mshushe, nataka kuwaona wote wawili chini wanacheza. Wengine wanahitaji kuambiwa tu kwamba wanaruhusiwa.

Angalia pia anavyomgusa wa kwake akidhani humwoni. Anayempiga wa kwake makofi kwa sababu ya kumwaga maji atampiga na wako.

Hatua ya 6: Hela na makubaliano

Kima cha chini cha mshahara Uganda mpaka leo kinachotajwa ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo sheria haitakusaidia kupanga bei. Mitaani nasikia kuanzia 100,000 hadi 300,000 na zaidi kutegemea mtaa na kazi. Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni hili: kwa kuwa anakuja na mtoto nimpunguzie? Mimi nasema usikate zaidi ya kile ambacho mtoto kweli anakugharimu, na kama unakata kiandike. Mtoto wa miezi minane anakula nini cha kukufilisi, kikombe cha uji na yai? Pampasi ajinunulie mwenyewe au atumie nepi za kitambaa, sabuni ni ya nyumba. Kama umeshampunguzia kazi za nyumba kwa sababu ya watoto hapo tayari mshahara unajieleza. Kitu kingine, sheria inataka mshahara ulipwe kwa fedha na kwa mwenyewe. Chumba, nguo za mtumba za mtoto wako na chakula haviwi mshahara, na usimtumie shangazi aliyemleta. Tuma kwenye mobail mani yenye jina lake, ushahidi unabaki.

NSSF, yaani mfuko wa akiba ya wafanyakazi: tangu marekebisho ya 2022 michango ni lazima kwa kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja, yeye 5% ya mshahara na wewe 10%. Najua majirani zako hawalipi. Wewe mfungulie, kwa mama mwenye mtoto hiyo ni ada ya shule ya kesho, na ni moja ya vitu vinavyomfanya mtu akae.

Mapumziko: saa 24 mfululizo kila baada ya siku sita, siku 7 za likizo kwa kila miezi minne, ambazo kwa mwaka ni 21, na saa za kazi zisizidi 48 kwa wiki isipokuwa mmekubaliana. Kwa anayelala kwako hizi saa ndizo zinazoliwa, kwa hiyo weka saa ya kumaliza, tuseme saa kumi na mbili na nusu jioni ukirudi unapokea mtoto wako na yeye anabaki mama wa wa kwake tu.

Andikeni ukurasa mmoja, lugha anayoielewa, nakala mbili, shahidi mmoja. Mfano wangu:

*Mimi … nimemwajiri … kuwa yaya wa … (mtoto, miezi …). Atakuja na mtoto wake … (miezi …) na atamlea akiwa kazini. Kazi: kulisha, kuogesha na kulaza watoto, nguo zao, chakula cha mchana. Siyo kazi yake: nguo za wakubwa, kuosha gari, kupikia wageni. Mshahara … kwa mwezi, tarehe …, kwa namba … Chakula cha mama na mtoto ni juu ya mwajiri. Pampasi za mtoto wake ni juu ya … Matibabu ya mtoto wake: mwajiri atachangia mpaka … kwa mwezi. Ananyonyesha wakati wowote mtoto akihitaji. Hakuna kunyonyesha mtoto wa mwingine. Hakuna kumpiga mtoto yeyote, na hili linamhusu na mwajiri. Siku ya kupumzika … Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Ndani ya majaribio anayetaka kuacha anatoa notisi ya siku 14, baada ya hapo kama sheria inavyosema.*

Kama hajui kusoma, asomewe na mtu aliyemchagua yeye, siyo wewe.

Hatua ya 7: Andaa nyumba

Hii fupi. Piga magoti ukatambae sebuleni, kila unachokifikia na yeye atakifikia. Sigiri inakaa nje au kwenye jiko lenye mlango, haiingizwi ndani kuwapasha watoto joto usiku, moshi wa makaa unaua watu wamelala. Besheni na ndoo za maji zimwagwe au zifunikwe, mtoto anazama kwenye maji ya kiganja. Karanga, shanga, betri ndogo za rimoti juu kabisa. Mafuta ya taa na jiki (dawa ya kung'arisha nguo) visikae kwenye chupa za soda. Kila mtoto na sehemu yake ya kulala, chali, chini ya chandarua, hata ikiwa godoro dogo chini.

Vyombo: chagua rangi. Kikombe chekundu na kijiko chekundu cha huyu, bluu cha yule, mswaki, taulo, kila kitu. Lengo ni mafua yasizunguke, siyo kubagua, kwa hiyo nunua vya ubora mmoja. Ukimnunulia wa kwako kikombe kizuri na yule ukampa kile kilichopasuka, mama yake ataona, na ndani ya mwaka watoto wenyewe wataona.

Hatua ya 8: Siku inavyokwenda

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 60 za kazi, kwa hiyo ukirudi ofisini mtoto wako ana kama miezi mitatu na bado ananyonya. Mlete yaya angalau wiki tatu kabla ya tarehe hiyo ili akuone unavyofanya na mtoto amzoee.

Maziwa ya kukamua yanakaa nje ya friji kama saa 4 hivi, kwenye friji mpaka siku 4. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha au umeme ukikata, friji isifunguliwe ovyo, na akupigie. Andika kwenye kila chupa saa na siku, na jina. Kama ni maziwa ya kopo, maji yachemshwe yachanganywe yangali moto, yasiwe yale ya flaski ya jana, kisha yapozwe kabla ya kumpa, na kilichobaki baada ya saa 2 kinamwagwa, hakuna kumpa yule mwingine "yasipotee".

Saa za kulala ndizo zinazookoa siku. Jitahidini walale pamoja mchana, hata nusu saa tu wakilala kwa pamoja inatosha yaya anywe chai. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: asubuhi wote wanakula, mmoja anaogeshwa mwingine kwenye mkeka anamwona, kwenye saa tatu na nusu mdogo, tuseme ni wa kwako, analala na mkubwa, wa kwake, anapata mama yake peke yake, na hiyo nusu saa usimpe kazi, ananyonyesha, anacheza na mwanawe, basi. Mtoto aliyeshiba mama yake asubuhi hamsumbui mwenzie mchana. Mchana chakula, wote kulala, jioni nje kwenye kivuli.

Na yeye mwenyewe ale. Mama anayenyonyesha ana njaa ya kweli, nimeona nyumba ambazo dada anasubiri mabaki ya mezani saa tisa na wanashangaa anawafokea watoto. Uji wa asubuhi, chakula cha mchana kwa wakati, mukene (dagaa), maharage, dodo (mchicha), na maji ya kunywa mengi.

Hatua ya 9: Wakiumwa

Wataumwa, na wataambukizana, kubali tu. Mmoja akianza mafua mwingine anafuata siku mbili. Muhimu ni mpango wa nani anafanya nini, umebandikwa jikoni: homa, anakupigia na mtoto anapelekwa kupima malaria siku hiyo hiyo, hakuna kumpa dawa iliyobaki ya mwezi uliopita. Kuhara, ORS na zinki, na anaendelea kunyonya. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea haamki, huyo ni boda mpaka hospitali na simu anapiga njiani. Acha hela ya dharura kwenye bati linalojulikana, na isemwe wazi kwamba ni ya mtoto yeyote kati ya hao wawili. Nimesikia kisa cha dada aliyekaa na mwanawe ana homa tangu asubuhi kwa sababu hela ya kwenye bati aliambiwa ni "ya mtoto wa bosi", na mtu wa hivyo akikuchukia sitamshangaa.

Siku wa kwake akiwa mahututi hatakuja au hatafanya kazi, na sheria inampa mfanyakazi ruhusa ya ugonjwa wake mwenyewe ila wa mtoto haujatajwa, kwa hiyo pangeni nyinyi. Uwe na mtu wa akiba: jirani, binamu, dei kea inayopokea kwa siku. Mlipe kitu kidogo kabla hujamhitaji.

Hatua ya 10: Kuishi pamoja

Mama mkwe atakuja kutoka Tororo na atauliza mbele yake "na huyu mtoto ni wa nani anakula hapa?" Jibu hapo hapo, kwa heshima: mama, huyu ni Shafiki, tumekubaliana na mama yake. Usinyamaze, ukinyamaza dada ameshakusikia.

Wivu. Wako atamwita mama, wake atakukimbilia wewe ukirudi kwa sababu una mandazi kwenye mkoba. Zote ni dalili nzuri. Watanyang'anyana mwanasesere na watang'atana, hapo kanuni ni moja kwa wote na asiwe wa kwako anayeshinda kila kesi. Nunua vya kuchezea viwili vya kufanana, ni rahisi kuliko hotuba.

Kamera. Tangu ile video ya 2014 ya yaya wa Kampala aliyenaswa akimpiga na kumkanyaga mtoto, akafungwa miaka 4, kila mtu anataka kamera. Weka kama unataka, sebuleni, lakini mwambie ipo, na isielekee anakolala wala anakonyonyeshea. Picha za mtoto wake usiziweke status bila kumwuliza, na yeye za wako hivyo hivyo.

Mambo yakibadilika

Mtoto wake akifika miaka mitatu ataanza beibi klasi na mpango wote unageuka, nani anampeleka, nani anamchukua saa sita. Kaeni muhula mmoja kabla, siyo wiki ya kufungua shule. Akipata mimba tena, hiyo siyo sababu ya kumfukuza kisheria, na ana likizo yake ya siku 60 kama wewe. Kila miezi minne, zile siku zake 7 zikifika, itumieni kama siku ya kupitia upya karatasi yenu, watoto wamekua na kazi imebadilika, wake alikuwa anatambaa sasa anakimbia, wako ameacha chupa.

Mkiachana, notisi ni wiki mbili kama amepita miezi sita na mwezi mmoja kama amepita mwaka, au umlipe badala yake. Mlipe siku za likizo ambazo hakuchukua, mpe namba yake ya NSSF kwenye karatasi, barua inayosema kazi gani alifanya na kwamba aliifanya akiwa na mtoto wake, na mrudishie kadi ya chanjo kama ulikuwa unaitunza. Mwambie mtoto wako siku kadhaa kabla hata kama ni mdogo, na kama mmeachana kwa wema wapangie Jumapili moja ya kuonana, maana wale wawili hawajui habari za notisi.